Gorogoro ya Mzee Kimeu

Ni saa moja asubuhi, umande haujakauka kwenye majani ya mbaazi, na Urbanus Muthoka ameshalowa jasho mgongo mzima. Mchi unapanda, mchi unashuka. Ndani ya kinu mahindi yaliyonyunyiziwa maji kidogo yanageuzana na kusuguana, yakivua maganda yao polepole. Kila baada ya muda anasimama, anachota kiganja, anapuliza, anatazama.

"Wewe bado uko na koti," anaiambia punje moja, na kuirudisha kinuni.

Mama mmoja anapita njiani, jerikeni ya maji mgongoni, mkanda wake kwenye paji la uso. Hasimami, ila sauti anaiachia uani.

"Baba Mumbua! Sasa sisi wanawake umetuachia kazi gani?"

"Nimewaachia kula!"

Kicheko kinateremka naye njia yote.

Watoto wa huku, nje kidogo ya soko la Masii, wana kitendawili chao: Nampiga halii, namvua nguo haoni haya, kisha namkaribisha kwa wageni. Jibu ni muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa hadi ganda likatoka, yakapikwa na maharagwe au mbaazi mpaka yakalainika. Ni chakula cha Mkamba tangu mababu, na tangu mababu mwenye kushika mchi ni mwanamke. Lakini mwaka huu wa 2004, ukiuliza Masii ni nani ana muthokoi safi, utaelekezwa kwa mwanamume wa miaka arobaini na saba, aliyefiwa na mkewe akaachiwa watoto watatu.

Kwa mchi huo huo amelitoa deni lililomkalia kifuani kwa miaka mitano. Amelitoa karibu lote. Hiyo karibu ina kisa chake, na kisa chenyewe kinaanzia mbali kidogo.

Muthoka hakuzaliwa na mchi mkononi. Baba yake alifariki mapema, naye akiwa kijana wa miaka ishirini akaenda Athi River, akaingia kiwandani kubeba magunia na baadaye kusimamia mashine. Huko ndiko alikokutana na Munyiva, binti ya mzee Kimeu wa Muthetheni. Mbuzi wa kwanza wa kufungua mlango aliwapeleka, wale wanaoitwa ntheo, ambao bila wao Mkamba hawezi kusema ana mke. Waliobaki akaahidi.

"Nilikuwa nasema mwaka kesho," anakumbuka. "Mwaka kesho ikifika, nasema tena mwaka kesho. Na mzee hakuwahi kunisumbua hata siku moja."

Mwaka wa 1998 kiwanda kilipunguza watu, na yeye akawa miongoni mwao. Mwaka uliofuata Munyiva akaugua. Alilala hospitalini wiki sita, bili ikipanda kila siku, mume hana kazi. Mzee Kimeu hakungoja kuombwa. Alifungua zizi, akamtoa mmoja wa ng'ombe wake wawili wa plau, akamwuza. Pesa zililipa hospitali. Munyiva hakupona.

Kwa mtu asiyelima na ng'ombe hiyo inaweza kuonekana habari ndogo. Mkulima anajua. Ng'ombe wa plau ni kama viatu: kimoja peke yake hakikufikishi popote. Tangu mwaka ule mzee Kimeu alikuwa akiazima ng'ombe wa jirani kila mvua ikikaribia. Mwenye kuazima hulima baada ya mwenyewe. Alilima wa mwisho, akapanda wa mwisho, akavuna kidogo.

Baada ya mazishi wazee wa pande mbili walikaa chini. Deni likatajwa mbele ya watu: ng'ombe mmoja wa plau, na wale mbuzi sita waliokuwa wamebaki. Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyetaja siku.

"Ningepewa siku, ningelala," anasema Muthoka. "Deni isiyo na siku inakuamsha kila siku."

Mchi wenyewe aliushika kwa sababu ya Ndila, kitinda mimba wake, ambaye wakati huo alikuwa na miaka minne. Mtoto alikataa ugali. Alitaka muthokoi wa mama. Basi baba akakitoa kinu cha marehemu nyuma ya nyumba, akafunga lango la boma watu wasimwone, akatwanga. Siku ya kwanza aliyapiga mahindi hadi yakawa kama chakula cha vifaranga.

"Ndila alikula akilia," anasema. "Lakini alikula."

Kufikia wiki ya tatu punje zilikuwa zinatoka nzima, nyeupe. Jirani yake Kavata, ambaye huuza ndengu sokoni, alionjeshwa, akauliza ni nani ametwanga. Muthoka akamsingizia binti yake mkubwa, Mumbua.

Kavata anakisimulia kisa hicho akifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya leso. "Nikamwambia, Baba Mumbua, mikono ya Mumbua mimi naijua, hata chai inamshinda kukoroga. Hiyo ni mikono ya mashine ya Athi River. Wacha kujificha, lete sokoni tuuze!"

Alileta. Siku ya kwanza wanawake walinunua ili wamcheke vizuri. Siku ya pili walinunua kwa sababu ya muthokoi.

Lakini kupata pesa ni jambo moja, na kuziona ni jingine. Miaka miwili ya kwanza Muthoka alikuwa akiuza mia nne jioni, kukipambazuka mfukoni mna sitini. Sabuni imepita, mafuta ya taa yamepita, mtu wa harambee amepita. Dukani jina lake lilikuwa limejaza kurasa mbili za daftari. Deni la mzee Kimeu likabaki pale pale lilipotajwa.

Januari ya mwaka 2002 aliacha kuhesabu shilingi. Akaanza kuhesabu gorogoro, ule mkebe wa kilo mbili unaopimia nafaka sokoni.

Hesabu yake hata Ndila anaijua kwa kichwa. Kwa siku anatwanga gorogoro kumi za mahindi. Yakishavuliwa maganda, yakapepetwa na kukauka, hubaki gorogoro nane za muthokoi. Anazimimina kwenye turubai, mafungu manane. Matano ni ya kununua mahindi mengine, na hayo hayaguswi hata kama nyumba inaungua. La sita ni chakula cha nyumbani. La saba ni la shule, maana Rodgers, mwanawe wa pili, yuko kidato cha pili katika sekondari ya kutwa. La nane lina jina lake. Linaitwa gorogoro ya mzee Kimeu.

"Nikimaliza kupanga namwuliza Ndila, hii ni ya nani? Ananiambia, ya babu. Basi nikitaka kuila naona nitakuwa nimemwibia mzee, tena mtoto akiwa shahidi."

Gorogoro moja huuzwa shilingi hamsini mahindi yakiwa na bei nzuri. Anatwanga siku nne kwa wiki, siku nyingine ziko sokoni na shambani na kanisani. Kwa mwezi gorogoro ya mzee inaleta kama mia nane. Utaziona ndogo. Muthoka naye aliziona ndogo, ila aliziona.

Halafu kuna pumba. Wafugaji wa kuku wa Masii hulichukua fungu la pumba la siku kwa shilingi ishirini na tano, na pesa hizo hazijui shule wala deni. Kila mwisho wa mwezi anazipeleka posta, anagongewa muhuri kwenye kitabu.

"Wengine wanaweka akiba ile pesa nono," anasema, akikinyoosha kitabu juu ya goti. "Mimi naweka maganda."

Hata hivyo alijikwaa. Mwaka huo huo wa 2002 alikuwa ameweka elfu mbili za mzee ndani ya godoro, Rodgers akapata malaria, na godoro likabaki godoro. Tangu hapo kila zikifika bei ya mbuzi, kama elfu moja na mia mbili, aliingia upande wa mifugo siku ya soko na kurudi na mbuzi. Sababu yake inachekesha, ila ina akili: "Pesa ukiiba inanyamaza. Mbuzi inalia."

Mmoja. Wawili. Zizi likaanza kuwa na sauti. Walipofika watano, pesa za mzee zikaanza kwenda kidogo kidogo kwa mfugaji mmoja, kulipia ng'ombe wa plau.

Jaribu kubwa lilikuja Mei mwaka huu. Habari zilienea Ukambani kwamba mahindi yaliyoota kuvu yanaua watu, na ilikuwa kweli, watu walizikwa. Siku habari zilipofika Masii, muthokoi wote ulibaki kwenye turubai. Wateja walipita wakiyatazama mahindi kama nyoka aliyelala. Muthoka alikuwa na magunia mawili nyumbani. Alilifungua moja, akatia mkono hadi kiwiko, akanusa. Lilikuwa na unyevu chini. Akachimba shimo, akalifukia lote, gunia na kilichomo.

Kwa wiki nane aliuza kidogo sana. Jioni moja alisimama mlangoni mwa zizi, mbuzi wakiwa wameshafika watano, akahesabu nyumba ingekula siku ngapi akiuza mmoja. Mumbua, ambaye ana miaka ishirini na hushona sare za shule kwa fundi mmoja pale Masii, alimwona.

"Baba, unafanya nini hapo?"

"Natazama tu."

"Hiyo kutazama yako naijua. Hizo ni za mama. Twende kwa posta."

Wakaenda posta. Akiba ilitoa elfu tatu na mia mbili, ikalisha nyumba. Mbuzi hawakuguswa.

Na wateja? Aliwarudisha kwa njia yake. Alibeba sufuria, mafiga na kuni hadi sokoni, akapika muthokoi kutoka kwenye gunia lililo zima mbele ya kila mtu, akaketi na watoto wake, wakala. Saa nzima watu walisimama wakiwatazama.

"Mnangojea tuanguke?" Muthoka akauliza, mdomo umejaa.

"Tunangojea!" akajibu mmoja, na soko zima likacheka. Kavata akachukua sahani. Baada ya Kavata wengine wakafuata. Wiki iliyofuata aliuza gorogoro nne kwa siku, na iliyofuata saba.

Kufikia hapo alikuwa na haraka ambayo hakuwa nayo zamani. Mwezi wa Julai watu wa Levi Mulwa, seremala kijana wa Katangi, walituma ujumbe kwamba wangemleta kijana wao pamoja na mbuzi wa Mumbua, Jumamosi ya tarehe kumi na moja Desemba.

Furaha ilikuwepo. Lakini Mkamba ana sheria yake: mbuzi wa binti hawaingii katika zizi la baba ambaye bado anadaiwa mbuzi wa mama yake. Muthoka asipokwenda kukaa sawa na wakwe zake, mbuzi wa Levi wangepelekwa moja kwa moja Muthetheni. Mzee Kimeu ndiye angewapokea, na baba mzazi angekaa kwenye benchi la wageni, akipakuliwa chakula kama jirani aliyepita njia.

"Nilimlea huyu msichana na hii mikono," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii mchi unasimama bila sababu. "Nimemsuka nywele. Alienda shule na nywele kama kiota, lakini nilimsuka. Halafu siku yake niwe mgeni?"

Agosti alimnunua mbuzi wa sita. Mwisho wa mwezi huo huo akamalizia bei ya ng'ombe, akamleta nyumbani: dume jekundu lenye baka jeupe shingoni, aliyefundishwa kazi, elfu kumi na nne na mia tano. Majirani walikuja kumtazama kama mtu aliyetoka ng'ambo.

Hapo ndipo Muthoka akafanya kosa.

Kule kiwandani, mfanyakazi akimaliza mkopo wa chama cha ushirika alikuwa anapewa barua yenye mhuri, kwamba fulani hadaiwi tena. Muthoka alipata moja mwaka wa 1995 na anayo hadi leo. Alipofiwa na baba hakuwa na wa kumfundisha mambo ya ukwe. Alichojua cha kumaliza deni alikijua Athi River. Basi akamwambia Rodgers achane karatasi ya daftari, aandike kwa mwandiko mzuri: Mimi Kimeu wa Muthetheni nimepokea ng'ombe mmoja na mbuzi sita. Deni limekwisha. Chini yake mstari wa sahihi.

Hakumwambia mzee yeyote wa ukoo. Jumamosi moja ya Septemba, yeye na Mumbua wakaswaga mifugo hadi Muthetheni, mwendo wa saa nne na zaidi.

Mzee Kimeu alikuwa uani akichonga mpini wa jembe. Aliwaona tangu mbali. Alisimama, akaenda moja kwa moja kwa yule dume, akampapasa bega, akamfungua mdomo akatazama meno. Aliwahesabu mbuzi kwa macho, akatabasamu.

Muthoka akatoa karatasi na kalamu mfukoni mwa shati.

"Hii ni nini?" akauliza mzee.

"Ni risiti, nau," akajibu, akimwita baba kwa Kikamba. "Weka sahihi hapa tu, ili tumalizane."

"Tumalizane." Mzee alilirudia neno lile kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya ndengu. "Uko na haraka ya kuachana na sisi?"

"Hapana nau, mimi nilikuwa…"

"Mtu wa duka unamalizana naye. Mtu wa hospitali unamalizana naye. Mimi ukinimaliza, tukikutana huko Masii nitakuita nani?" Akaketi tena, akauchukua mpini wake. "Munyiva alienda. Mimi nikabaki na deni. Kila mwaka najua kuna mtu wa Masii bado ananikumbuka. Sasa na deni nayo umekuja kuichukua, tena na kalamu?"

Muthoka akaikunja karatasi, akairudisha mfukoni.

"Rudisha mifugo yako," akasema mzee. Yeye, aliyekuwa hana ng'ombe wa kulimia na mvua iko mlangoni.

Jikoni alikuwepo Wanza, mama mkwe. Kwa heshima ya ukwe, Wanza na Muthoka hawatazamani usoni wala hawazungumzi ana kwa ana, na katika miaka yote ishirini hawajawahi kuvunja hilo. Wanza alimwita mjukuu, akampa kibuyu cha uji, kisha akasema kwa sauti ambayo mtu aliyesimama hatua tatu nje ya ukuta angeisikia bila shida.

"Mumbua, mwambie baba yako hivi. Kwata ndai!"

"Nakwata, susu," akajibu Mumbua, maana hivyo ndivyo kitendawili kinavyopokelewa kwa Wakamba, na susu ni nyanya.

"Nina chungu, kikiwa na tone moja chini kinaimba, kikikauka kinapasuka."

Mumbua akafikiri. "Nimeshindwa, susu. Nikupe mji gani?"

"Mji sitaki, nataka baba yako asikie. Ni ukwe. Mwambie mkwe halipwi akaisha. Unalipa mpaka watu waone una moyo, halafu unaacha kitu kidogo. Kidogo hicho ndicho kinakurudisha kwetu, na sisi ndicho kinatupeleka kwenu. Mwambie pia mtu haendi ukweni peke yake kama mchuuzi wa mitumba. Ana wazee kwa ukoo wake ama hana? Na umwambie anywe uji, amekonda."

Nje, Muthoka alikunywa uji.

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Kila aliyewaona asubuhi wakielekea Muthetheni na mifugo aliwaona jioni wakirudi nayo. Pale sokoni Kavata alikuwa anafunga magunia yake.

"Baba Mumbua! Mbuzi wamefukuzwa shule?"

"Wameambiwa walete mzazi," akajibu Muthoka. Hakucheka. Kavata alipoona hakucheka, akaacha magunia, akaja kumshikia kamba ya ng'ombe hadi nyumbani.

Wiki mbili zilizofuata Muthoka hakutwanga vizuri. Wateja wanakumbuka kwamba punje nyingi zilivunjika. Oktoba ikaingia. Mawingu yakaanza kujipanga juu ya milima, Desemba ikawa inahesabika kwa vidole, na mzee wa Muthetheni bado hajalima. Hatimaye Muthoka akaenda kwa mzee Kaloki, ndugu ya marehemu baba yake, akamweleza yote, hata ile karatasi.

"Mzee Kaloki alicheka mpaka akakohoa," anasema Muthoka. "Akaniuliza, na ulikuwa umebeba mhuri pia?"

Walikwenda wakiwa wanne: mzee Kaloki na fimbo yake, mzee mwingine wa ukoo, Muthoka, na Mumbua akiswaga. Ng'ombe alikuwepo. Mbuzi walikuwa watano.

Walikaribishwa, wakakaa, wakaulizana mvua na afya. Mzee Kaloki hakuwa na haraka. Chai ilipokwisha ndipo akasema.

"Kimeu, tumekuletea mtu wa kulima. Na hawa watano ni watu wake wa kumsindikiza."

"Nilisikia kwamba ni sita."

"Walikuwa sita. Mmoja amekataa njia. Tumemvuta, tumembembeleza, amelala chini kabisa."

Mzee Kimeu alimtazama Kaloki, akamtazama mkwe wake, ambaye alikuwa ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja chungu.

"Amekataa kabisa?"

"Kabisa, nau," akasema Muthoka.

"Basi mwacheni. Mbuzi kichwa ngumu hasukumwi. Atakuja siku yake." Na hapo mzee akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika, na kutoka jikoni Wanza akapiga vigelegele ambavyo, Mumbua anasema, vilikuwa vimengoja pale tangu Septemba.

Mchana ule ule mzee alimfunga dume jekundu nira moja na yule wake aliyezeeka peke yake. Muthoka alishika plau, mzee akatangulia na kamba. Walilima hadi giza likawafukuza. Mvua ilianza siku ya tatu, na kwa mara ya kwanza tangu 1999, mahindi ya mzee Kimeu yameota pamoja na ya wenzake.

Leo, mwezi mmoja baadaye, mafungu kwenye turubai bado ni manane. Muthoka hakuliondoa lile la nane wala hakulibadilisha jina. Kazi yake tu ndiyo imebadilika. Sasa linakwenda posta pamoja na pesa za pumba. Kitabu kinasoma elfu tisa na mia nne. Akifikisha elfu kumi na tano, kama Machi hivi, anataka kujenga ghala lenye sakafu iliyoinuliwa na waya wa kupitisha upepo, anunue mahindi wakati wa mavuno yakiwa bei ya chini, yakauke vizuri, asifukie tena gunia shimoni. Kuna mashine ya kukoboa imeletwa mjini, na watu wamemwuliza kama haimtishi.

"Mashine inavunja punje," anasema. "Na haina masihara."

Anamaanisha haitaniani na wateja. Mumbua, anayepanga nguo mlangoni, anatikisa kichwa.

Zizini mbuzi wa sita anakula majani bila wasiwasi. Ana mimba. Hauzwi, hachinjwi, wala haendi Muthetheni hivi karibuni. Muthoka anasema atakufa akidaiwa mbuzi huyo, na Rodgers atamrithi pamoja na deni lake, na wajukuu wa mzee Kimeu watakuwa na sababu ya kubishiana hodi.

Zimebaki wiki tatu kufika tarehe kumi na moja Desemba. Benchi la wageni limeazimwa kanisani na Muthoka hatalikalia. Mzee Kimeu mwenyewe ametuma habari kwamba atakuja, na atakaa kando ya mkwe wake kupokea. Jumapili iliyopita Levi alipita kusalimu. Ni kijana wa kazi, ameweka pesa, na alikuwa na habari aliyodhani itampendeza baba.

"Nilikuwa nataka nilete zote siku moja," akasema. "Nimalize, nisiwe na deni."

Muthoka aliweka mchi chini, akapangusa mikono.

"Lete, lakini moja iache kwenu."

"Moja? Na kama nitasahau kuileta?"

"Ukisahau nitakuja Katangi kukukumbusha. Na nikija sirudi siku hiyo hiyo. Nitakaa wiki."

Kutoka ndani ya nyumba, Mumbua akaitikia bila kuulizwa.

"Baba, wiki mbili."